Kundi Kwanza, Kisha Mmoja: Tulivyojifunza Konseto Garsen

Nimesikia wapo kati yenu waliochagua muziki wakidhani ni somo la kupumzikia baada ya hesabu. Karibuni. Kaeni vizuri, maana mmekosea mlango. Nimefundisha somo hili hapa Garsen mpaka mvi zikanikuta darasani, na sijawahi kumwona mtu akipumzika ndani yake isipokuwa yule aliyelala, na huyo nilimwamsha.

Sasa ni mstaafu. Nina shamba la mpunga kando ya mto, nina kuku, na nina goti moja linalojua mvua kuliko redio. Lakini mwalimu wenu mpya amekuja mpaka nyumbani kuniomba niwaandikie juu ya konseto ya Baroki, ule muziki wa Ulaya wa miaka kama mia tatu iliyopita, kwa sababu anasema ikifika hapo mnakunja nyuso. Nimekubali upesi. Konseto hiyo niliwahi kupigana nayo, na sikuwa tayari kushindwa.

Kwanza mjue ni kitu gani. Konseto ni muziki wa wengi na mmoja. Wengi wana fidla zao, ndogo na kubwa, na besi. Mmoja, pengine wawili au watatu, ndiye fundi wa kuonyesha ufundi. Wengi wanaanza na wimbo wao wote, kwa nguvu. Kisha wanapungua, mmoja anatoka peke yake na mbwembwe zake. Akimaliza, wengi wanarudi na wimbo wao uleule, au kipande chake. Huo wimbo unaorudirudi unaitwa ritonelo. Na chini yao wote kuna kontinuo, yaani besi ikisaidiana na harpsikodi, kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa badala ya kugongwa. Kontinuo haipumziki. Wengine wakinyamaza yenyewe ipo, na wewe unayesikiliza unaishika kama unavyoshika kamba ya kivuko.

Mwalimu wangu mwenyewe chuoni aliitwa Ezra, mtu mfupi mwenye masikio makubwa, naye alikuwa wa kwanza kuyacheka. Alikuwa anatuwekea sahani ya santuri, anafumba macho, anauliza. Mimi nilikuwa na kiherehere cha kujibu. "Mwalimu, sasa fidla anaipiga mmoja peke yake!" Akanitazama. "Binti, usiniambie nani anapiga. Hilo hata mlinzi aliye getini anasikia. Niambie nani amenyamaza." Nilidhani ananionea. Baadaye nikaelewa kwamba amenipa mali. Mkitaka kujua fundi ametoka lini, msimtafute fundi, sikilizeni chini. Ule uzito wa besi nyingi ukiondoka ghafla, kama gunia linavyotuliwa mgongoni, basi wengi wamenyamaza na mmoja ametoka. Ukirudi, kundi limerudi. Jaribuni leo jioni kwa simu zenu, mtaniambia.

Nanyi mna bahati ya simu. Sisi tulikuwa na kanda, na mnajua joto la hapa linavyofanya vitu. Kanda ikiachwa dirishani inajikunja, konseto inatoka ikiyumba. Mwaka mmoja betri za redio zilikuwa zimechoka nami sikujua. Nikawawekea wanafunzi sehemu ya kwanza, ile ya kukimbia, nikawaambia waeleze mwendo wake. Wote wakaandika: wa polepole, wenye huzuni nyingi. Mmoja akaongeza kwamba mtunzi bila shaka alifiwa. Nikawapa alama zao, maana walichosikia ndicho walichoandika, na kutoka siku hiyo nikawa napima redio kwa wimbo ninaoujua kabla sijaingia darasani. Nanyi pimeni vyombo vyenu kabla hamjamlaumu mtu.

Sasa nije kwenye vita vyenyewe.

Mkuu wetu wa shule wakati huo alikuwa mtu wa hesabu, mpole, asiyependa maneno mengi. Wanafunzi wangu walikuwa wameanguka karatasi ya kusikiliza mwaka mmoja, wakaanguka na wa pili, na mahali walipoangukia ni palepale, konseto. Akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Mwalimu, wewe nakuheshimu," akasema. "Lakini wacha nikwambie ukweli. Hawa wa mwaka huu wakianguka tena, muziki tunaufunga. Chumba kitakuwa stoo ya vitabu. Walio kidato cha pili na cha tatu watahamia kilimo."

"Mkuu, mimi nastaafu mwisho wa mwaka huu."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia mapema."

Nilimwambia chumba hicho hakifungwi. Akatabasamu tabasamu la kumwonea huruma mama mtu mzima, nami nikatoka pale damu inachemka. Nilikikuta chumba kile kikiwa na popo darini na kinanda kimoja chenye meno mapengo. Nilikipaka chokaa kwa mikono hii. Sikuwa tayari kwenda nyumbani kulima huku nyuma yangu wanapanga vitabu vya kilimo palipokuwa na filimbi.

Darasa lile la mwisho lilikuwa dogo. Nitawatajia wawili tu. Mmoja aliitwa Buya, mtoto wa wakulima wa Kipokomo kama mimi, mpiga filimbi, mwepesi wa vidole na wa mdomo. Wa pili ni Habona, binti wa wafugaji wa Kiorma, mkimya, lakini masikio yake yalikuwa kama ya swala. Baba yake, Mzee Barisa, alifika shuleni alipopata habari kwamba binti yake amechagua muziki. Hakuja kwa ugomvi. Alisimama nje ya dirisha langu akiegemea fimbo yake.

"Mwalimu, mimi sikatai," akasema. "Lakini hii muziki inanywesha ng'ombe?"

"Hainyweshi, Mzee. Inamfundisha mtu kusikia."

"Kusikia?" Akacheka kidogo. "Habona anasikia tangu mtoto. Hiyo sisi tumeshafundisha."

Kisha akasema, "Haya, tutaona," akaenda zake. Swali lake lilinikera zaidi ya maneno ya mkuu.

Kosa la wanafunzi wangu lilikuwa moja, na wote walilifanya. Wakisikia ule mwanzo wa konseto, kundi zima likiingia kwa kishindo, wanaandika: fundi wa peke yake ameanza. Na kwa kuwa wamekosea hapo, kila kinachofuata kinahama mahali pake. Fundi anapotoka kweli, wao wanaandika kundi. Kundi likirudi, wanaandika fundi. Mwisho wa karatasi wamesikia kila kitu na hawajapata kitu.

Nilifanya kila nililojua. Nilichora ubaoni chaki nyekundu kwa kundi na ya buluu kwa fundi. Niliwapa vijiti wainue. Nilipiga meza mpaka kiganja kikavimba. Siku moja nilipandwa na hasira, nikawauliza kwa sauti iliyofika ofisini, "Watu wote hawa wanapiga kwa pamoja, nyinyi mnamwona wapi mmoja?"

Habona akainua mkono polepole.

"Mwalimu, samahani. Kwani hao wengi wanaitikia nini, na hakuna aliyewaita?"

Chaki ilibaki mkononi mwangu. Miaka yote ile, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Fikirini wenyewe. Kwetu sisi, uwe wa mtoni au wa malishoni, wimbo una mwenyewe. Mmoja anauinua, wengine wanaupokea. Ndivyo tunavyoimba tukipalilia, ndivyo harusini, ndivyo kanisani kabla kinanda hakijaja. Kuitikia kabla hujaitwa ni utovu wa adabu, bibi yako atakukata jicho. Basi watoto wangu waliusikia ule mwanzo, na malezi yao yakawaambia: anayeanza ndiye mwitaji. Masikio yao hayakuwa na ubaya wowote. Walikuwa wanafanya walivyolelewa, nami niliyelelewa vilevile nilikuwa nimesahau kwa kuwa nilikaa chuoni.

Nikavuta kiti nikakaa. "Haya, Habona. Kwenu hakuna kitu kinachoanza na wengi, halafu ndiyo atoke mmoja?"

Alifikiri sana. Wenzake wakaanza kusogezasogeza miguu.

"Ng'ombe wakirudi jioni," akasema.

Buya akaruka. "Hao ng'ombe mimi nawajua, Mwalimu! Wameingia kwa shamba ya mama, wakamaliza mpunga wote. Aki, usituletee ng'ombe hapa."

Darasa likawa baridi. Nyinyi ni watoto wa hapa, mnajua kimya cha namna hiyo kati ya mkulima na mfugaji kinaweza kuzaa nini. Habona alitazama meza yake. Ningeweza kusema tuendelee na somo, kama walimu tunavyopenda kusema. Lakini mimi pia nina shamba, na mpunga wangu umewahi kuliwa.

"Buya, mpunga wa mama yako uliliwa kweli, na una haki ya kukasirika," nikamwambia. "Hilo lina wazee wake na lina siku yake. Lakini chumba hiki kikifungwa, mpunga haurudi, na filimbi yako inakwenda pamoja nao. Mwache mwenzako amalize."

Akanuna, lakini akanyamaza. Habona akaendelea, mwanzo kwa woga, baadaye akasahau kwamba tupo.

"Kwanza unasikia kundi lote. Kwato, milio, kengele, vyote pamoja, huwezi kujua nani ni nani. Halafu wanatawanyika kidogo wanakula, na hapo unamsikia mmoja. Baba anasema, huyo ni Dima. Dima ni ng'ombe wetu mwekundu, kengele yake ni ya mbao, inalia tofauti. Halafu kundi linajikusanya tena, linamfunika. Lakini sasa liko pengine, karibu na mto. Halafu Dima tena. Halafu kundi. Mwisho wote wako nyumbani."

"Na kundi la mtoni ni tofauti na lile la kwanza?"

"Hapana, Mwalimu. Ni lile lile. Mahali tu ndipo pamebadilika."

Wanangu, nilikuwa nimewaambia wanafunzi kwa miaka mingi kwamba ritonelo hurudi katika ufunguo mwingine, yaani wimbo uleule ukianzia sauti nyingine, halafu hurudi katika ufunguo wa nyumbani mwishoni. Waliliandika, walilikariri kama kasuku, hawakulisikia hata siku moja. Na binti huyu alilimaliza lote bila kutaja ufunguo. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, nikajifanya natafuta kifutio.

Kesho yake hatukuingia darasani. Niliwatungia kipande kifupi cha wimbo kiwe ritonelo yetu, nikawapeleka getini. Pale tukauimba wote, kwa nguvu. Tukaanza kutembea. Buya akatoka na filimbi yake, sisi tukashusha sauti. Habona alikuwa na vibao viwili mkononi, ndiye kontinuo, na nilimwambia akisimama hata kumeza mate nitampeleka kilimo mimi mwenyewe. Tulipofika jikoni tukauimba wimbo tena, juu kidogo ya pale mwanzo. Buya akatoka tena. Uwanjani tukaimba nusu yake tu, tena katika ufunguo wa huzuni, maana konseto hupenda kupita hapo. Buya mara ya mwisho, na mlangoni mwa chumba cha muziki tukauimba wote kamili, kwa sauti ileile ya getini. Niliwaona kwa nyuso zao. Walijua wamefika.

Mpishi alitoka jikoni na mwiko. "Mwalimu, hawa wamekosa nini hata unawatembeza hivi juani?"

Tulifanya hivyo wiki baada ya wiki. Na humo njiani ndimo nilimofundishia mengine yote, nanyi yachukueni. Sauti za Baroki hupanda na kushuka kama ngazi, si kama mteremko. Kundi likiingia, ni nguvu mara moja. Likitoka, ni upole mara moja. Mkisikia sauti inavimba taratibu, nikawaambia, hapo mmepotea, hiyo ni ya watu wa baadaye. Buya nilimfundisha kuchukua kipande kifupi na kukirudia ngazi moja juu, kisha nyingine juu tena. Ndivyo fundi anavyosafiri kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine, na mkikisikia kipande kinapanda hivyo mjue tunahama. Mapambo alikuwa nayo mengi mno. Alitetemesha kila sauti mpaka nikamwambia mapambo ni chumvi, na yeye anatupikia bahari.

Sehemu ya pili, ile ya polepole, Habona aliieleza vilevile. Saa sita, akasema, jua limekaza, kundi limelala linacheua, unasikia kengele moja tu ikitikisika taratibu. Ndiyo hiyo. Mmoja anaimba wimbo mrefu, wengi wanamsindikiza kwa chini au hawapo kabisa. Halafu sehemu ya tatu wanainuka, wanakimbia tena. Haraka, polepole, haraka. Na kila sehemu ina moyo mmoja. Ikianza na furaha itamaliza na furaha. Mapigo yake hayakatiki njiani kwenda kufikiria. Kuna siku nilimkuta Buya amekaa karibu na Habona, anamwuliza Dima anatembea kwa mapigo gani. Nilipita kama sijaona.

Mtihani ukaja, na mto ukaja nao.

Mnajua Tana ikiamua. Mvua imenyesha huko juu, huku sisi hatujapata hata tone, na maji yanafika. Mwaka ule yaliwahi kuliko wafugaji walivyotarajia. Barabara ya nyuma ikazama, na uwanja wa shule, kwa kuwa ni mwinuko, ukabaki kama kisiwa. Asubuhi ya karatasi ya kusikiliza nilifika na viatu vyangu vya kanisani, nikawakuta ng'ombe wamejaa uwanjani mpaka ukutani mwa madarasa. Na kila hatua, kengele.

Karatasi ile huchezwa kwa kipaza sauti kidogo, na madirisha yetu hayakuwa na vioo. Mimi kama mwalimu wa somo sikuruhusiwa kuingia. Msimamizi akatoka mlangoni anajipangusa jasho.

"Mwalimu, hizi kengele! Muda ukifika mimi naanza, siwezi kungoja ng'ombe."

"Usingoje," nikamwambia. "Nipe huo muda uliobaki."

Nikaingia matopeni. Viatu viliniacha pale pale, nikaendelea bila viatu. Naogopa pembe, niwaambie ukweli, naziogopa mpaka leo. Nikawasukuma wale ng'ombe kwa viwiko nikiita mwenye kundi, na aliyenigeukia alikuwa Mzee Barisa.

"Mzee, waondoe hapa, nakuomba!"

"Nipeleke wapi, Mwalimu? Nyuma maji. Kule maji." Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka, nguo zimelowa mpaka kiunoni. "Hii tu ndiyo iko kavu."

"Watoto wako ndani wanasikiliza mtihani. Habona yuko ndani. Mzee, wakianguka leo muziki unafungwa, na yeye na wenzake wameangukia mikononi mwa kengele zako."

Alitazama madirisha. Akatazama kundi lake. Niliona anavyokokotoa, na nikajua hana pa kuwapeleka. Nilidhani yameisha. Miaka yote ile, yaishe kwa kengele ya ng'ombe.

Mzee Barisa akainama, akang'oa nyasi, akazifinyanga ngumi nzima, akamwendea ng'ombe mwekundu aliyekuwa mbele. Akaishika kengele yake ya mbao, akaisokomeza nyasi ndani mpaka ulimi wake ukakwama. Akaitikisa. Kimya. Akawaita vijana wake kwa Kiorma, wakatawanyika wanang'oa nyasi. Nami nikang'oa. Niliziba kengele ambazo sijui nilizifikiaje, ng'ombe mmoja akanilamba shavu zima kwa ulimi wa msasa, nikasema asante, maana nilikuwa sina akili. Vijana walipiga mluzi mdogo, wa chini sana, na kundi likasimama.

Mlango wa chumba cha mtihani ukafungwa. Uwanjani palikuwa na pumzi tu na kucheua.

Kisha ikatoka dirishani. Kundi zima la fidla, kwa kishindo, wimbo ambao sikuwahi kuwachezea. Nilisimama na matope yangu, nimeshika mkono wangu mwenyewe.

"Nini hiyo?" akanong'ona Mzee Barisa.

"Ni kundi, Mzee. Wote kwa pamoja."

Ule uzito wa besi nyingi ukaondoka. Fidla moja ikatoka, ikaanza kupanda.

"Na sasa?"

"Mmoja ametoka."

Akainamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza kitu mbali sana malishoni. Kundi likarudi, nami kwa woga wangu nikasema, "Hapo, wanamaliza."

"Bado," akasema. "Bado hawajafika nyumbani."

Ikawa kweli. Ilikuwa ufunguo mwingine. Fidla ikatoka tena, ikazunguka, ikapita kwenye huzuni, na mwishowe kundi likaingia lote, kamili, pale pale lilipoanzia. Mzee akapumua.

"Haya. Wamefika."

Nilikuwa nalia, na sioni haya kuwaambia.

Walipotoka, Buya ndiye wa kwanza. Akatutazama sisi na kundi lililosimama kama picha, akaelewa upesi. "Mzee Barisa," akasema, "ng'ombe wako leo wamenisaidia. Lakini mambo ya mpunga bado."

"Bado," Mzee akakubali. "Kuja na baba yako tukae. Tuongee."

Habona naye akatoka. Alikwenda moja kwa moja kwa Dima, akaingiza kidole kwenye kengele, akaikuta nyasi. Akasimama hivyo, kidole ndani ya kengele, akimtazama baba yake.

"Ulisikia?" baba akamwuliza.

"Nilisikia yote, Baba."

Ndipo Mzee Barisa akanigeukia, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi za kawaida. "Mwalimu, mwaka ujao mkiwa na hii mtihani yenu, tuma mtu aniambie siku. Nitaziba mapema, kabla sijafika."

Mwaka ujao. Mimi sikujua kama upo, mkuu hakujua, na yeye alishaupanga.

Matokeo yalipotoka nilikuwa shambani. Mkuu alinipigia mwenyewe. Hakuomba radhi, wala sikutaka. Alisema tu, "Mwalimu, stoo ya vitabu nitatafuta kwingine." Habona yuko chuo cha ualimu sasa, anasomea muziki, na Buya anapiga filimbi kila harusi inayomtaka na nyingine ambazo hazimtaki. Juu ya mpunga wa mama yake, wazee walikaa wakaongea, mara nyingi, na sitawadanganya kwamba yote yaliisha siku moja.

Ila jambo hili liko na mtalishuhudia. Kila mwaka, siku ya karatasi ya kusikiliza, kiwe kiangazi au mafuriko, natuma mtu kwa Mzee Barisa. Na kundi lake likipita nyuma ya shule siku hiyo, linapita bila mlio. Sasa wafugaji wengine pia wanafanya hivyo, hata wasio na mtoto shuleni.

Kwa hiyo itakapofika siku yenu, mkakaa ndani ya chumba kile, karatasi mbele, moyo unapiga, msianze kumtafuta mmoja. Ngojeni kundi. Na kabla halijaanza, sikilizeni kidogo kile kimya cha nje. Kuna mzee amesimama kule na nyasi mkononi ili nyinyi msikie. Msimwangushe.